Je, kiberiti ni sumu? Bibi na mwenye duka wote wana haki

Swali: "Mtaalamu, shikamoo. Juzi nilimkuta mwanangu wa miaka 2 ananyonya njiti za kiberiti. Njiti 3 zilikuwa zimebaki miti mitupu. Bibi yake akapiga kelele kwamba kiberiti ni sumu, kwamba wazee walikuwa wakisimulia watu waliokufa kwa kukitafuna. Mwenye duka la jirani akasema mle hamna sumu yoyote. Mtoto hakudhurika, lakini mabishano nyumbani hayajaisha. Nani mkweli? Bibi anasema pia kwamba njiti za ujana wake ziliwaka hata ukizikwaruza ukutani au kwenye soli ya kiatu. Mbona za sasa hazitaki?" Mama, Morogoro.

Marahaba, mama. Nianze na mtoto, historia itasubiri. Vichwa 3 vya njiti za kawaida za dukani havimdhuru mtoto wa umri huo. Msafishe kinywa, mpe maji anywe, kisha umwangalie, usimtapishe. Cha kuogopa ni akila vichwa vingi, tuseme kisanduku kizima, kwa sababu vichwa hivyo vina klorati ya potasiamu, chumvi ambayo ikizidi mwilini huiharibu damu isiweze kubeba oksijeni, na huumiza figo. Ukiona midomo au kucha zinageuka buluu au kijivu, anatapika mfululizo, anahema kwa shida au mkojo umekuwa mweusi, mkimbize hospitali, na kisanduku chenyewe ukibebe ili daktari akione. Kijiti kitupu nacho kinaweza kumkaba kooni, kwa hiyo kiberiti kikae juu hata kama hakina sumu ya kutisha.

Sasa bibi na mwenye duka. Wote wawili wanasema kweli, ila kila mmoja ana kiberiti chake kichwani. Anachokisema bibi kilikuwepo, kiliua, na kilipigwa marufuku nchi baada ya nchi. Anachokiuza mwenye duka ni kingine kabisa, ingawa ukiviweka pamoja mezani ungesema ni ndugu. Tofauti yao imo katika kitu kimoja, fosforasi, ile kemikali inayoshika moto upesi: ni ya aina gani, na imewekwa wapi.

Chukua kisanduku ulichonacho nyumbani ukitazame. Watu wengi hudhani fosforasi imo kwenye kile kichwa chekundu. Haimo hata chembe. Kichwani kuna klorati ya potasiamu, ambayo kazi yake ni kutoa oksijeni ikipata joto, pamoja na salfa kidogo, gundi, unga wa kioo na rangi. Fosforasi iko ubavuni mwa kisanduku, kwenye ule ukanda wa kahawia unaokwaruzia, nayo ni fosforasi nyekundu iliyochanganywa na unga wa kioo na gundi. Unapokwaruza, msuguano hupasha joto vichembe vichache vya fosforasi hiyo, baadhi vikageuka kuwa fosforasi nyeupe kwa kitambo kidogo mno, vikashika moto hewani palepale. Cheche hiyo huiamsha klorati, klorati humwaga oksijeni, salfa na gundi huwaka, na moto hupanda kwenye nta ya parafini ambayo kijiti kimelowekwa. Mti ndio hushika mwisho. Yote hayo hukamilika kabla hujainua mkono.

Ndiyo maana njiti yako haiwaki ukutani. Ukuta hauna fosforasi. Kiberiti hiki kimegawanywa makusudi: nusu ya moto iko kwenye njiti, nusu iko kwenye kisanduku, na hazikutani mpaka wewe uzikutanishe. Wazo hilo linaonekana dogo, lakini lilichukua muda mrefu kupatikana, na lilipopatikana likachukua muda mrefu zaidi kukubaliwa. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayoniuma kila ninapofundisha somo hili.

Turudi nyuma kidogo. Kupata moto kwa msuguano ni ufundi wa kale. Wazee wetu walipekecha moto kwa ulindi na wimbombo, na Ulaya walitumia chuma, jiwe gumu na kitambaa kilichounguzwa. Wachina walikuwa na vijiti vilivyochovywa salfa zaidi ya miaka 1000 iliyopita, lakini vilihitaji kaa la moto ndipo viwake. Kilichokosekana ni kijiti kinachojiwasha chenyewe. Fosforasi, ambayo ingekuja kufanya kazi hiyo, ilikuwa imekwisha kugunduliwa mwaka 1669 na Hennig Brand wa Hamburg, Ujerumani. Alikuwa akitafuta dhahabu kwa kuchemsha na kukausha mkojo mwingi sana, akaishia na kitu cheupe kinachong'aa gizani. Kwa zaidi ya karne moja kitu hicho kilibaki cha ghali, cha kuonyeshana kwenye maabara na mbele ya matajiri.

Mwaka 1805 huko Paris, Jean Chancel alitengeneza vijiti vyenye klorati ya potasiamu na sukari kichwani. Ili kiwake, ulikichovya ndani ya kichupa cha asidi ya sulfuriki. Hebu fikiria mtu ametembea na kichupa cha asidi mfukoni. Miaka zaidi ya 20 baadaye, mwaka 1828, Samuel Jones wa London aliiweka asidi hiyo ndani ya kitone cha kioo kilichofungwa kwenye karatasi yenye klorati. Ulikivunja kwa koleo, au kwa meno kama ulikuwa jasiri. Charles Darwin alivibeba viberiti hivyo safarini Amerika Kusini, na watu wa Uruguay waliomwona anapata moto kwa kuuma kitu mdomoni walistaajabu sana. Hata kiberiti cha gesi, tunachokiona kuwa kipya, kina babu yake wa zama hizo: Johann Wolfgang Döbereiner, mkemia wa Jena, alitengeneza mwaka 1823 taa ndogo iliyowasha gesi ya haidrojeni kwa kuipuliza juu ya platini. Naam, ilitangulia njiti ya kukwaruza.

Njiti ya kukwaruza yenyewe ni kazi ya mwuza dawa. John Walker alikuwa na duka la dawa Stockton-on-Tees, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1826 alikuwa akichanganya klorati ya potasiamu, salfaidi ya antimoni na gundi, na husimuliwa kwamba kijiti alichokorogea kilikauka, akakikwaruza chini ili kukisafisha, kikashika moto. Daftari lake la mauzo linaonyesha mteja wa kwanza alinunua tarehe 7 Aprili 1827. Njiti 100 ziliuzwa shilingi 1 ya Kiingereza, na kikopo cha bati kililipiwa peni 2 zaidi. Ndani mlikuwa na kipande cha msasa. Ulikikunja, ukaibana njiti katikati, ukaivuta kwa nguvu. Walker hakuomba hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi wake, ingawa inasemekana Michael Faraday, mwanasayansi mkubwa wa zama zile, alimshauri afanye hivyo. Alikuwa na riziki yake ya kutosha. Jones wa London, yuleyule wa vitone vya asidi, akaiga akaziuza kwa jina lake.

Njiti za Walker hazikuwa na fosforasi wala hazikumdhuru mtengenezaji. Kasoro yake ilikuwa ukaidi: zilitaka nguvu, zilirusha cheche, kichwa wakati mwingine kiling'oka kikaangukia nguo. Mwaka 1831 kijana wa Kifaransa, Charles Sauria wa mji wa Dole, alipata dawa ya ukaidi huo. Aliondoa antimoni akaweka fosforasi nyeupe. Njiti ikawaka popote: ukutani, kwenye soli, kwenye ukucha. Ndani ya miaka michache viwanda vilisambaa Austria, Ujerumani, Uingereza na kwingineko, na bei ikashuka mpaka maskini naye akawa na moto mfukoni. Hapo ndipo kiberiti cha bibi yako kilipozaliwa.

Fosforasi nyeupe hushika moto hewani kwenye joto la karibu nyuzi 30 za Selsiasi, yaani joto la mchana wa kawaida Morogoro. Kwa hiyo njiti ziliwaka mfukoni, ziliwaka ghalani, ziliwaka melini. Tena ni sumu kali. Vichwa vya kisanduku kimoja vilitosha kumwua mtu mzima, na kweli watu walikufa, wengine watoto walionyonya vijiti kama mwanao alivyofanya. Bibi yako hakutia chumvi hata kidogo.

Lakini waliopata taabu kubwa zaidi hawakuwa wanunuzi. Walikuwa wachanganyaji, wachovyaji na wasichana waliopanga njiti kwenye visanduku. Fosforasi nyeupe hutoa mvuke, nao waliuvuta siku nzima, na mara nyingi walikula chakula chao palepale penye kazi kwa mikono ileile. Baada ya miaka kadhaa jino lingeanza kuuma. Ufizi ungevimba, usaha ungetoka wenye harufu mbaya kiasi kwamba mgonjwa alitengwa na watu, kisha mfupa wa taya ungekufa ndani ya mwili ulio hai. Tiba ya wakati ule ilikuwa kulikata taya. Daktari Friedrich Wilhelm Lorinser wa Vienna aliueleza ugonjwa huu katikati ya miaka ya 1840. Kuanzia hapo hakuna mwenye kiwanda aliyeweza kusema kwamba hajui.

Sasa shika tarehe hii, mama: 1844. Mwaka huo Gustaf Erik Pasch, mkemia wa Sweden, alipata hataza ya kiberiti kilichogawanywa, fosforasi upande wa kisanduku na klorati upande wa njiti. Na Anton Schrötter wa Vienna alionyesha katika miaka hiyohiyo ya 1840 kwamba fosforasi nyekundu ni fosforasi ileile, ila atomu zake zimejipanga vingine. Haitoi mvuke wa sumu, na ikiwa hewani haiwaki mpaka joto lifike karibu nyuzi 260. Kazi ya Pasch ilikwama kwa gharama, na ukanda wake ulichakaa upesi. Ndugu wawili wa Jönköping, mji wa Sweden, Johan Edvard na Carl Frans Lundström, waliendelea pale alipoishia. Johan Edvard aliuboresha ukanda, Arthur Albright wa Oldbury, Uingereza, alikuwa amepata njia ya kutengeneza fosforasi nyekundu kwa wingi, na mwaka 1855 kiberiti cha usalama kikaonyeshwa Paris na kupewa medali. Mji wa Jönköping ukawa makao makuu ya kiberiti duniani. Kiwanda cha zamani sasa ni makumbusho. Kisanduku ulichonacho jikoni ni kizao cha kile cha 1855. Hata viberiti vya usalama vilivyotoka Moshi kwa jina la Kibo, ambavyo wengi wetu tumekua navyo, vilifuata kanuni hiyohiyo.

Mtu angetarajia hadithi iishie hapo. Dawa imepatikana, watu waache sumu. Haikuwa hivyo, na swali lako limenipa nafasi ya kueleza kwa nini.

Mwaka uleule wa 1855, kampuni ya Bryant and May ya London ilinunua haki ya kutengeneza kiberiti cha Lundström nchini Uingereza. Kwa hiyo ilikuwa na jibu mkononi. Lakini kiberiti cha usalama kilikuwa ghali zaidi, na wateja walikuwa wamezoea njiti ya kukwaruza popote. Kampuni ikaendelea kutengeneza vyote viwili, huku cha fosforasi nyeupe kikiuzwa sana, kiwandani Bow, mashariki mwa London. Wafanyakazi wengi walikuwa wanawake na wasichana, baadhi bado watoto. Walikatwa mishahara kwa faini: miguu michafu, faini, kuzungumza, faini, kuacha njiti zilizoungua juu ya meza, faini. Tarehe 23 Juni 1888 mwandishi Annie Besant aliyachapisha hayo yote, akaeleza pia gawio kubwa ambalo wenye hisa walikuwa wakilipwa wakati huohuo. Kampuni iliwataka wafanyakazi watie saini kwamba habari ile ni uongo. Walikataa. Mmoja akafukuzwa, na mapema Julai wapatao 1400 wakatoka nje.

Napenda hili lieleweke vizuri, kwa kuwa mara nyingi sifa hupewa Besant peke yake. Yeye hakuitisha mgomo ule. Waliouanzisha ni wasichana wenyewe, bila chama, bila akiba, wakijua kwamba wiki moja bila mshahara ni wiki moja bila mkate. Besant aliwasaidia baada ya hapo kuchangisha fedha na kusema nao mbele ya wabunge. Katika muda usiozidi wiki tatu walishinda: faini zilifutwa, waliofukuzwa wakarudi, wakaahidiwa chumba cha kulia chakula mbali na fosforasi, wakaunda chama chao. Fosforasi nyeupe yenyewe haikuondolewa.

Mwaka 1891 Jeshi la Wokovu lilifungua kiwanda chake London, likatumia fosforasi nyekundu tu na kulipa mishahara bora, ili kuonyesha kwamba inawezekana. Viberiti vyake vilikuwa ghali kidogo, na hilo liliwafanya wanunuzi wengi wasivitake. Mwaka 1898 Bryant and May ilitozwa faini mahakamani kwa kuficha wagonjwa 17 wa taya. Faini hiyo ilikuwa kidogo tu zaidi ya pauni 25. Kampuni iliacha fosforasi nyeupe mwaka 1901, yaani miaka 46 baada ya kununua haki ya kiberiti salama. Siwezi kuisoma tarehe hiyo bila hasira. Elimu ilikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalazimisha.

Finland ililazimisha mapema zaidi, ikapiga marufuku mwaka 1872, na Denmark mwaka 1874. Nchi nyingine zilisubiri mpaka ipatikane njiti inayowaka popote bila sumu, ili mnunuzi asipoteze kitu. Hiyo ililetwa mwaka 1898 na Wafaransa wawili, Henri Sévène na Emile David Cahen, waliotumia seskwisulfidi ya fosforasi, yaani fosforasi iliyoungana na salfa. Kemikali hiyo ilikuwa imetengenezwa na Georges Lemoine tangu 1864. Ilikaa kwenye vitabu miaka 34 kabla mtu hajaiweka kwenye kijiti. Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka. Mwaka 1906 mataifa kadhaa ya Ulaya yalikubaliana huko Berne, Uswisi, kupiga marufuku fosforasi nyeupe katika viberiti, Uingereza ikatunga sheria yake mwaka 1908, na Marekani mwaka 1912 ikaitoza kodi kubwa kiasi kwamba haikulipa tena kuitengeneza.

Kwa hiyo, mama, bibi yako anakumbuka vitu viwili na kuvifanya kimoja. Njiti alizoziwasha ukutani ujanani mwake zilikuwa, kwa kila dalili, za hii seskwisulfidi, ambayo haikuwa na sumu ile ya kuozesha taya. Habari za watu waliokufa alizisikia kwa waliomtangulia, nazo zilihusu fosforasi nyeupe. Masikio yake yalisikia sawa, na macho yake yaliona sawa.

Njiti za kukwaruza popote bado zinatengenezwa katika baadhi ya nchi. Utazitambua kwa kichwa chenye rangi mbili: ncha ndogo, mara nyingi nyeupe, juu ya kichwa chekundu au cha rangi nyingine. Ukiletewa zawadi ya namna hiyo kutoka nje, ihifadhi kwenye kopo la bati lenye mfuniko, mbali na mtoto na mbali na jiko, kwa sababu zikisuguana zenyewe kwa zenyewe zinaweza kuwaka. Na usitupe njiti za aina hiyo ndani ya kisanduku cha kawaida ukadhani zimefanana.

Kuhusu kiberiti chako cha kawaida, ukanda ukichakaa njiti zikiwa bado zimejaa, huna haja ya kuzitupa. Zikwaruze kwenye ubavu wa kisanduku kingine chochote cha kiberiti cha usalama, zitawaka. Zikipata unyevu wa masika na vichwa vikalainika, zitandaze kwenye karatasi kavu penye hewa mpaka gundi ishike tena. Usizianike karibu na jiko. Zikishalowa maji kabisa hazitafaa tena hata zikikauka, maana klorati huyeyuka majini ikaondoka, na kichwa kinachobaki ni gundi na rangi.